Kijana anacheza futiboli chuoni: tunapimaje kama atafika NFL?

Kutoka: Columbus, Ohio

Wanajumuiya, shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Swali la futiboli, ile ya kofia ngumu, si kandanda. Kijana ana miaka 21, yuko mwaka wa tatu, chuo cha daraja la FCS, lililo chini ya FBS ya vyuo vikubwa. Anacheza pembeni mwa safu ya ulinzi, yaani yule anayemkimbilia kwotabeki, mrushaji wa mpira. Urefu futi 6 na inchi 3, uzito pauni 240. Msimu huu amemwangusha kwotabeki mara saba. Ukoo mzima umeshaamua kwamba anaenda NFL, ligi kuu ya kulipwa, na sasa kuna bwana anayejiita wakala anataka dola 2,500 "za kumtangaza". Tunapimaje nafasi yake bila ushabiki?

Kutoka: Houston, Texas

Marahaba, dada. Kwanza hizo dola 2,500 zibaki mfukoni. Wakala halali wa NFL amesajiliwa na chama cha wachezaji, NFLPA, na anakula asilimia ya mkataba, isiyozidi 3, mchezaji akishalipwa. Jina lake litafuteni kwenye tovuti ya chama. Asipoonekana humo, huyo ni mpiga debe wa stendi.

Hesabu sasa. Timu ni 32, kila moja ina wachezaji 53: jumla nafasi 1,696. Juu yake kuna kikosi cha mazoezi cha watu 16 kwa timu, nafasi 512. Drafti (si ile ya vizibo vya soda, ni ile ambako timu huchagua wachezaji wapya kwa zamu) ina raundi saba, na mwaka 2025 walichaguliwa 257. NCAA, chama cha michezo ya vyuo, imewahi kukadiria kwamba kwenye wachezaji kama 16,000 wanaofikia mwaka wa kustahili drafti, wanaochaguliwa ni kama asilimia 1.6. Msimpachike kijana asilimia hiyo. Kapu hilo limechanganya mtoto wa Division III, daraja la chini, asiye na ufadhili wa michezo na yule anayeanza kila Jumamosi Ohio State. Wa kwanza nafasi yake ni karibu na sifuri. Wa pili, yake ni kubwa mara nyingi kuliko wastani. Kazi yenu ni kujua wenu yuko wapi katikati hapo.

Mimi huanza na mwili, kwa sababu futi na mizani havibishaniwi. Namba za kwenye tovuti ya chuo achaneni nazo. Vyuo vingi huongeza inchi moja na pauni kumi bila aibu. Mpimeni wenyewe, bila viatu, asubuhi. Urefu wa mkono hupimwa kutoka kwenye mfupa wa ncha ya bega hadi ncha ya kidole cha kati, mkono umenyooka. Kwa nafasi yake skauti, yaani wasaka vipaji wa timu, wanapenda inchi 33, kama sentimita 84, na kuendelea. Sababu ni ya kimakanika: wa mkono mrefu anamfikia mwenzake kifuani kabla hajafikiwa yeye. Wanaomzuia, wale matakli, nao hupimwa hivyohivyo. Will Campbell, takli wa chuo cha LSU, alipopimwa inchi 32 na 5/8 kwenye kombaini (majaribio ya pamoja ya NFL kabla ya drafti) ya 2025, majuma yakapita watu wanajadili mkono tu. Alichaguliwa wa nne, lakini huyo alikuwa na misimu mitatu ya filamu nzito kwenye ligi ngumu kuliko zote. Mchezaji wa FCS hasamehewi hivyo.

Pauni 240 ni nyepesi. Kwa futi 6 na inchi 3, afikie 250 hadi 255 bila kupoteza mwendo. Mwendo wenyewe ni yadi 40, mita 36.6. Hapa ndipo wazazi wengi hudanganyika: kocha mwenye saa ya mkononi hubonyeza akishaona mtoto ameondoka, kwa hiyo muda unatoka mfupi kwa sehemu ya kumi ya sekunde au mbili. Ukiambiwa 4.6, jiandae kwa 4.75 ya mashine. Na kwa nafasi yake yadi 10 za mwanzo zina uzito kuliko 40 nzima. Karibu sekunde 1.6 kwa mashine ni alama nzuri. Zipo pia kuruka juu, kuruka mbele, mbio za koni tatu, mbio fupi za kwenda na kurudi, na kunyanyua pauni 225 mara nyingi awezavyo. Hiyo ya mwisho inapendwa na watu wa mazoezini. Mimi siipi uzito sana.

Halafu filamu, na hapa chukueni wikiendi nzima. Zile saba zisiwapumbaze. Msiangalie video ya matukio bora. Hiyo imekatwa ili kila mtu aonekane jitu. Ombeni filamu kamili ya mechi nne: ile waliyocheza na chuo cha FBS (timu nyingi za FCS hucheza moja kwa mwaka kwa malipo, na skauti huifungua hiyo kwanza), mbili dhidi ya timu bora za ligi yao, na moja aliyocheza vibaya. Chukua daftari. Kila kwotabeki anaporudi nyuma kurusha, andika mambo matatu: alimpita mpinzani ndani ya sekunde 2.5 au hakumpita. Kwa mbinu gani. Na mpinzani alikuwa nani, takli halisi au mtu mdogo aliyeachiwa kazi isiyo yake. Kisha rudi kwenye zile saba. Ngapi zilitokea kwotabeki alipong'ang'ania mpira sekunde nne au tano? Ngapi kijana aliachwa wazi bila mtu mbele yake? Mara nyingi saba hubaki mbili au tatu za jasho lake. Lakini huenda pia daftari likaonyesha kwamba alishinda mara nyingi na mpira ukatoka mapema, na huyo ni bora kuliko takwimu zake. Angalieni na mbinu: mwenye mbinu moja hufichuliwa kila akikutana na takli aliyesoma filamu.

Mwisho, kuna swali ambalo jibu lake liko chuoni tayari. Kila masika, taasisi mbili za skauti zinazohudumia timu za NFL, BLESTO na National, hutoa alama za awali kwa wanaoingia mwaka wa mwisho. Vyuo vingi vina mtu wa kuongea na skauti. Kijana amuulize mambo mawili: jina langu limo? Na kati ya Agosti na Oktoba, timu ngapi zimeuliza habari zangu, na ngapi zimerudi mara ya pili? Kuuliza mara moja ni kazi yao ya kawaida. Kurudi ndiyo habari.

Kutoka: Minneapolis, Minnesota

Namuunga mkono kaka wa Houston, ila ameruka kitu kinachoamua maisha ya wa raundi ya sita, ya saba na wasiochaguliwa kabisa: vikosi maalumu, yaani mipira ya kupigwa na kurudishwa. Kati ya wale 53, wanaovaa siku ya mechi ni 48, na hata hao 48 ni sharti wanane wawe wa safu ya mbele ya ushambuliaji. Kwa hiyo mlinzi wa pembeni aliye wa nne au wa tano havai jezi ila awe anakimbia kwenye mipira hiyo. Tazameni kama chuoni anafanya kazi hiyo. Kama kocha amempumzisha kwa sababu ni nyota, aiombe mwenyewe msimu ujao. Skauti hawezi kuandika asichokiona.

Umri nao. Atakayeingia drafti na miaka 22 anahesabiwa bado anakua. Mwenye 24 au 25 anatakiwa awe amekomaa tayari, na namba zilezile zinashuka thamani.

Kutoka: Toronto, Kanada

Ndugu wa Marekani hamtaji CFL, ligi ya futiboli ya Kanada. Timu tisa, msimu Juni hadi Novemba, wachezaji 12 uwanjani, majaribio matatu ya kusogeza mpira badala ya manne, uwanja mpana zaidi. Walinzi wepesi wenye mbio, kama huyo wa pauni 240, wanapata kazi huku kuliko kusini. Kwa waliokulia Kanada kuna faida kubwa: kila timu inalazimika kuwa na idadi maalumu ya wachezaji wa nyumbani, na drafti ya CFL ni yao. Andy Mulumba, mzaliwa wa Kongo aliyekulia Montreal, alichaguliwa wa pili kwenye drafti hiyo 2013, lakini akaenda Green Bay Packers bila kuchaguliwa kwenye ya NFL. Milango miwili ilikuwa wazi kwa wakati mmoja. Aliyekulia Ohio anahesabiwa Mmarekani, atagombea nafasi za wageni, na mshahara ni sehemu ndogo ya wa NFL.

Kutoka: Columbus, Ohio

Asanteni sana. Kocha wa FBS ametuma ujumbe akimtaka ahamie kwake mwaka wa mwisho. Je, ahame? Kuna pia kampuni ya vinywaji inayotaka kumlipa kwa picha.

Kutoka: Houston, Texas

Ahame ikiwa atacheza. Msimu wa mechi 12 humpa anayeanza ulinzi mamia ya matukio ya uwanjani kwenye filamu. Akikaa benchi kwenye chuo chenye jina, anavaa jezi nzuri na hana cha kuonyesha. Maswali kwa kocha: walinzi wa pembeni wangapi wanarudi? Nani alicheza muda mwingi mwaka jana, na bado yupo? Wageni wangapi wengine unawaleta? Akijibu "ushindani uko wazi", hesabuni hajajibu.

Mtego mwingine ni kozi zinazohesabiwa kwenye shahada. Sheria ya NCAA inataka mchezaji wa Division I, daraja la juu, awe amemaliza asilimia 60 ya shahada kabla ya mwaka wa nne, na 80 kabla ya wa tano. Akihama, chuo kipya kinaweza kukataa baadhi ya kozi. Aliyekuwa na 62 akajikuta na 55, na hapo hachezi hata kama ana mbio za duma. Pateni tathmini ya kozi kwa maandishi kabla hajaweka jina kwenye orodha ya wanaohama. Akishaliweka, chuo cha sasa kinaweza kumkatia ufadhili.

Kutoka: Portland, Oregon

Hela ya kinywaji inategemea karatasi zake za uhamiaji, na hapa watu wetu wanaumia kwa kunakili wenzao. Raia, mwenye kadi ya kijani, mkimbizi na aliyepewa hifadhi wanaruhusiwa kufanya kazi, kwa hiyo mkataba wa jina na sura, NIL, si tatizo. Mwenye viza ya mwanafunzi, F-1, ni habari nyingine. Kupiga picha za tangazo akiwa ndani ya Marekani kunaweza kuhesabiwa kazi bila kibali, na akipoteza hadhi ya mwanafunzi amepoteza na futiboli. Asisaini kitu kabla ya kuonana na ofisi ya wanafunzi wa kigeni na mwanasheria wa uhamiaji. Mchezaji mwenzake mzaliwa wa huku si mshauri.

Kwa anayeruhusiwa: mkataba wa dola 600 au zaidi kutoka nje ya chuo lazima uripotiwe kwenye mfumo wa NIL Go, FCS ikiwemo, maana nayo ni Division I. Hakuna anayemkata kodi. Faida ikizidi dola 400 kwa mwaka, anadaiwa kodi ya kujiajiri ya asilimia 15.3 juu ya kodi ya mapato ya kawaida, na malipo ya awamu ni Aprili 15, Juni 15, Septemba 15 na Januari 15. Tengeni asilimia 30 kwenye akaunti ya pembeni siku hela inapoingia. Kipato hicho kinaonekana pia kwenye FAFSA, fomu ya kuomba msaada wa ada, kwa hiyo ruzuku ya masomo inaweza kupungua.

Mkimbizi asiye na pasipoti aanze mapema kuomba hati ya kusafiria, fomu I-131. Timu za NFL sasa zinacheza London na miji mingine ya Ulaya, na fomu hiyo haimalizwi ndani ya wiki mbili.

Kutoka: Minneapolis, Minnesota

Nongeze ratiba, maana watu wakisikia "drafti" wanadhani ni siku moja. Novemba na Desemba mialiko ya Senior Bowl na Shrine Bowl, mechi za maonyesho mbele ya skauti, inatoka. Mchezaji wa FCS akialikwa, hiyo ni dalili nzito kuliko tuzo yoyote ya ligi yake. Januari ni wakala na kambi ya mazoezi. Mwisho wa Februari kombaini ya Indianapolis, walioalikwa kama 320. Asiyealikwa anategemea siku ya majaribio ya chuo chake mwezi Machi, na kama chuo ni kidogo, kocha aombe mapema afanyie kwenye chuo kikubwa cha jirani, watakakokuja skauti. Aprili drafti. Mei kuna kambi za wapya, ambako wengine wanajaribiwa bila mkataba wowote. Mwisho wa Agosti kila timu inashuka kutoka 90 hadi 53, na zaidi ya elfu moja wanakosa nafasi kwa mpigo. Baadhi hurudishwa kwenye kikosi cha mazoezi kesho yake. Huko kwa mchezaji mpya mwaka 2025 malipo yalikuwa dola 13,000 kwa wiki, wiki 18, na timu inaweza kumtoa wiki yoyote.

Mkataba wa wakala unaweza kuvunjwa wakati wowote kwa notisi ya maandishi ya siku tano. Ndivyo fomu rasmi ya NFLPA inavyosema. Ila someni karatasi ya pili, ya matangazo. Hiyo haina ulinzi huo, na humo ndimo gharama za kambi ya Januari hufichwa kama deni.

Kutoka: Columbus, Ohio

Tumempima jioni hii kwa futi ya fundi cherehani. Mkono inchi 32 na robo. Urefu bila viatu futi 6 na inchi 2 kasoro kidogo.

Kutoka: Houston, Texas

Basi inchi moja ya chuo imeshaonekana. Mpimeni tena asubuhi, watu wawili, kila mmoja aandike yake bila kuona ya mwenzake. Kama inabaki hapohapo, huyo NFL watamwona kama lainibaka wa nje, yule anayesimama nyuma ya safu na kulinda pasi pia, si mlinzi wa pembeni wa kupambana na matakli kila mara. Pauni 255 msizikimbilie tena, 245 zinatosha. Kwenye zile filamu nne, hesabuni upya: safari hii mara ngapi alirudi nyuma kulinda pasi, na nini kilitokea mpira ulipomjia upande wake.