Fungu likiwa moja, waliokaa miaka bila kazi waombe nini kwenye bajeti?

MtunzaLeja

Wakuu, nahitaji vichwa vyenu. Kikundi chetu cha watu tusio na kazi kimepewa nafasi ya kupeleka maoni kwenye kamati ya bajeti. Ukurasa mmoja, basi. Wenzangu wamenitupia mimi kalamu kwa kuwa eti nilizoea makaratasi. Ukurasa mmoja ni mfupi mno. Ukianza na malalamiko tu, umekwisha.

Nijieleze kidogo. Nilikuwa mtunza ghala kwa miaka 11. Kampuni ikafungwa, tukalipwa stahiki zetu, tukaagana vizuri, sina kinyongo na mtu. Huu ni mwaka wa nne. Nina umri wa miaka 43. Tabia ya ghala haijanitoka, hivyo kila barua ya maombi naiingiza kwenye leja: tarehe, mwajiri, jibu. Hadi juzi barua 214, majibu 19, usaili 6. Nilipokaa kuzipitia kurasa nikaona kwamba kati ya hizo saili 6, 5 ni za mwaka wa kwanza. Na barua za mwaka wa nne ni nzuri kuliko za mwanzo, nimezisoma tena zote. Mwandishi ameboreka, ila milango imefungwa.

Ghalani kuna kitu tunakiita mali iliyolala. Haijaharibika, boksi halijafunguliwa hata. Lakini imekaa, vumbi limeshika, na kila anayepita anajiuliza kwa nini wengine hawakuichukua. Swali hilo peke yake linatosha asiiguse. Kanuni ya ghala ni kwamba kilichotangulia kuingia ndicho kinachotangulia kutoka. Kwenye ajira mambo yamegeuzwa: aliyeachishwa jana anachukuliwa leo, na sisi wa rafu ya nyuma tunasukumwa nyuma zaidi kila wapya wanapoingia.

Usaili wangu wa mwisho ulikuwa na swali moja. "Miaka hii mitatu umekuwa ukifanya nini?" Nikasema kweli, nilikuwa natafuta kazi. Akaandika kitu, akafunga faili.

Siwezi kusema serikali haijatufanyia kitu. Nimepelekwa mafunzo matatu: kuandika wasifu, ujasiriamali, kompyuta. Vyeti vitatu vimelala kwenye faili kama mimi. Yale ya ujasiriamali tulikuwa 30, tukafundishwa kuandika mpango wa biashara wiki nzima, mtaji hakuna. Mkufunzi alikuwa mtu mzuri na mcheshi. Siku ya mwisho nikamuuliza yeye aliipataje kazi ile, akajibu kwamba rafiki yake alimpigia simu. Darasa zima likaangua kicheko, naye akacheka, na nadhani hilo ndilo somo pekee nililotoka nalo.

Sasa swali langu. Tukiambiwa fungu ni moja na haliongezeki, tuombe nini? Wengine kwenye kikundi wanataka posho ya kila mwezi. Wengine mafunzo zaidi. Kuna wanaotaka serikali imlipie mwajiri sehemu ya mshahara, na kuna wanaotaka kazi za umma. Mmoja wetu anasema tuache yote hayo, fedha ziende kwenye barabara na viwanda, ajira zitakuja zenyewe. Nataka kusikia anayejua waliojaribu ilikuwaje. Na tafadhali, asiwepo wa kuniambia nijiajiri.

AfisaMstaafu

Ndugu MtunzaLeja, nimekaa miaka mingi upande wa pili wa dirisha, kwenye ofisi ya ajira. Leja yako haikudanganyi. Huko Marekani watafiti walituma wasifu wa kubuni wapatao 12,000 kujibu matangazo ya kazi kama 3,000. Urefu wa muda ambao mwombaji amekaa bila kazi ulipangwa kwa bahati nasibu, kisha wakahesabu nani anaitwa. Kadiri muda ulivyorefuka ndivyo simu zilivyopungua, na sehemu kubwa ya anguko hilo ilitokea ndani ya miezi 8 ya mwanzo. Matokeo yalichapishwa 2013. Kumbuka kwamba takwimu za kimataifa humhesabu mtu kuwa amekosa kazi "kwa muda mrefu" akishatimiza miezi 12. Yaani tunapoanza kumhesabu, mwajiri keshampitia zamani.

Utafiti huohuo ulionyesha kitu ambacho yule mwenzako wa barabara na viwanda akisikie. Pengo liliumiza zaidi mahali penye kazi nyingi. Mwajiri anasema, kazi zote hizi zimejaa, huyu bado yuko nje, ana nini? Uchumi ukikua huwavuta kwanza walio rafu ya mbele. Sikatai barabara, nasema tu haziwafikii nyinyi zenyewe.

La pili, na hapa najisema mwenyewe. Usitazame fungu ni kubwa kiasi gani kabla hujajua linalipia nini. Uingereza walianzisha Work Programme mwaka 2011, wakandarasi wakalipwa kwa kila mtu waliyemweka kazini. Wakapanga hata malipo makubwa zaidi kwa watu wagumu kuajirika. Bado wakandarasi wengi walihangaika na wale ambao wangepata kazi hata bila msaada, wale wagumu wakaegeshwa. Mimi sikuwa mkandarasi, lakini meza yangu ilikuwa na lengo la mwezi, idadi ya waliopata kazi, na lengo hilo lilijaa haraka kwa vijana waliotoka kazini wiki tatu zilizopita. Faili kama lako lilikaa chini ya rundo. Si kwamba nilikuchukia. Sikulipwa kukuinua.

Ndiyo maana mimi ningekushauri mwandike *nani* anastahili kabla ya kuandika kiasi. Ujerumani, tangu Januari 2019, ina ruzuku ya mshahara kwa mtu aliyeishi kwa mafao ya msingi angalau miaka 6 kati ya 7 iliyopita. Miaka 2 ya kwanza mwajiri anarudishiwa kiasi chote cha kima cha chini cha mshahara, mwaka wa tatu asilimia 90, wa nne 80, wa tano 70. Na mshauri anaendelea kumfuata mtu huyo akiwa tayari kazini. Kwa sharti la namna hiyo, wa rafu ya mbele hawezi kulila fungu la rafu ya nyuma hata akitaka.

FundiMwajiri

Kaka, mimi ni mmoja wa wanaozitupa barua zenu, afadhali niseme. Nina karakana ya useremala, tuko 7. Nikitangaza nafasi moja zinakuja barua zaidi ya 100, na sina mtu wa utumishi, nazisoma mwenyewe usiku nikiwa nimechoka. Pengo ndicho kisu changu cha kwanza. Sijawahi kufikiri kwamba mwenye pengo ni mvivu. Tatizo langu ni kwamba sina wa kumpigia. Mdhamini wako alikuona kazini mara ya mwisho miaka minne iliyopita, na ofisi yenyewe imefungwa. Nimuulize nini?

Nimewahi kupokea ruzuku ya miezi 6 mara mbili. Wa kwanza, Mungu anisamehe, ningemwajiri hata bila ile fedha. Nilipewa bure. Wa pili ndiye niliyemchukua kwa sababu ya ruzuku. Wiki tatu za kwanza zilikuwa mateso: anachelewa, ikifika saa nane mchana hana nguvu, anauliza jambo moja mara nne. Hakuwa mjinga, mwili ulikuwa umesahau siku ya kazi inavyokwenda. Kufikia mwezi wa tatu angeweza kufungua karakana bila mimi. Ruzuku ikaisha, hesabu zangu zikagoma, sikuweza kumbakiza. Nililala vibaya siku ile. Ila mwenzangu wa karakana nyingine akanipigia kuulizia habari zake, tukaongea kama dakika kumi, akamchukua.

Ukiniuliza nilimpa nini yule bwana kwa miezi 6, useremala alikuwa anaujua kabla hajaja. Nilichompa ni zile dakika kumi.

HesabuKwanza

Nitakuwa mchungu, mnisamehe. Kila mtu hapa anagawa fedha kana kwamba ziko mezani. Riba ya deni inalipwa kwanza, mishahara ya watumishi na pensheni zinafuata, na kinachobaki ndicho kila wizara inakigombania. Bajeti ikibana, cha kwanza kukatwa ni kile ambacho wenyewe hawawezi kugoma. Mtu asiye na kazi atagomaje?

Kuhusu kazi za umma mwe waangalifu. Card, Kluve na Weber, wachumi, walikusanya tafiti zaidi ya 200 za mipango ya namna hii. Ajira za muda za serikali ndizo zilizosaidia kidogo kabisa mtu kupata kazi baadaye. Mafunzo unayoyacheka, kaka, hayaonyeshi kitu mwaka wa kwanza, yanaanza kuonekana mwaka wa pili na wa tatu. Kwa haki, walikuta pia kwamba mipango kwa jumla huwafaa zaidi waliokaa muda mrefu bila kazi, hilo mnaweza kuliandika. Na msidanganyike na sheria nzuri. India mwaka 2005 ilipitisha sheria ya kuipa kila kaya ya vijijini inayoomba siku 100 za kazi kwa mwaka, na kazi isipopatikana ndani ya siku 15 mwombaji alipwe posho. Miaka nenda rudi kilio kikubwa kilikuwa ujira kuchelewa. Ahadi inaandikwa bungeni, lakini anayelipa ni hazina.

SautiYaPembeni

HesabuKwanza, tafiti hizo nyingi zinapima kama mtu alipata kazi baadaye. Sawa. Lakini kuna yanayotokea wakati uleule. Marienthal, Austria, kilikuwa kijiji cha kiwanda kimoja cha nguo, nacho kikafungwa. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel wakaenda kukaa na watu na kupima maisha yao, ripoti ikatoka 1933. Watu walikuwa na muda wote duniani, na bado vitabu vilivyoazimwa maktaba vilipungua. Wanaume walitembea taratibu na kusimamasimama njiani. Wengi hawakuvaa saa tena.

Mahali palepale, Oktoba 2020, waliokaa mwaka mzima bila kazi walihakikishiwa kazi ya kulipwa, kwa hiari yao. Maximilian Kasy na Lukas Lehner wa Oxford walifuatilia. Kipato kikatulia, watu wakajisikia wana nafasi tena kati ya wenzao, hali ya moyo ikapanda. Afya ya mwili haikubadilika, na wenyewe walilisema hilo wazi. Mimi nilikaa miaka miwili bila kazi. Saa niliivua mwezi wa tano, na nilikuwa sijasikia habari za Marienthal kabisa.

MtunzaLeja

Nashukuru sana, wote. Hata wewe HesabuKwanza, wewe zaidi.

Nimeandika rasimu mara tatu. Posho nimeipa aya moja tu, na imeniuma, kwa sababu wapo kwetu ambao bila posho hawafiki hata kesho. Nimeomba isikatwe mtu akipata kibarua cha siku mbili. Finland waliwahi kuwapa watu 2,000 wasio na kazi euro 560 kwa mwezi, 2017 hadi 2018, na fedha haikukatwa hata mtu alipoanza kazi. Walioajiriwa waliongezeka kidogo tu, lakini hofu ya kwamba watu watalala ukipunguza masharti haikutimia. Hilo limeingia, mistari miwili.

Sehemu kubwa nimeitoa kwa ruzuku ya mshahara, kwa sharti la namna aliyosema AfisaMstaafu, ila letu ni aliyezidi miezi 24 tu, na uthibitisho utoke kwenye daftari la ofisi ya ajira, usitoke kwa mwajiri. FundiMwajiri, dada yangu, zile dakika kumi zako zimegeuka kuwa ombi letu la pili. Kila anayelipiwa mtu na serikali awajibike kumwandikia ripoti ya kazi yenye jina lake na namba yake, na akubali kupigiwa simu kwa mwaka mmoja baada ya mkataba. Halina gharama yoyote kwa hazina. Nimeliangalia mara mbili, kweli halina.

Kazi za umma nimeziweka kwa wale ambao mwajiri binafsi hatawagusa hata kwa ruzuku. Tuna wawili, wote wamepita miaka 55. Nimeandika wazi kwamba hatudai ziwe ngazi ya kwenda kwingine.

Mafunzo, nimeomba tu yasitolewe tena bila mtu wa kumpokea mhitimu upande wa pili. Nilikuwa nimeongeza sentensi kuhusu yule mkufunzi na rafiki yake, wenzangu wakaifuta.

Nimebakiza mistari minne. Mmoja wetu anang'ang'ania tuombe nauli ya kwenda kwenye usaili, anasema aliwahi kuitwa akashindwa kufika. AfisaMstaafu, hiyo inakaa kwenye kasma ipi, au niichomeke tu chini ya posho?