Nafasiri nikiwa nyumbani Kisauni: kodi ya chumba naweza kuitoa kwenye hesabu ya ushuru?

Mfasiri, Kisauni
Hamjambo wenzangu. Nafasiri nyaraka za mashirika ya Nairobi, na kazi yote naifanyia nyumbani. Mwaka 2025 mapato yangu yalikuwa shilingi 540,000. Kodi ya nyumba ni 18,000 kwa mwezi, vyumba viwili. Kimoja nimeweka meza na kompyuta, ila binti yangu hulala humo shule zikifungwa. Intaneti ya kazi nimeivuta mbali na ya nyumbani, 3,000 kwa mwezi. Kompyuta nilinunua Machi, 64,000. Nataka kujaza ritani kwa haki, nisimdhulumu mtu wala nisijidhulumu. Nitoe nini?

Fundi wa tovuti, Likoni
Dada, jiandikishe kwa ule ushuru wa mauzo wa asilimia 3, uishe.

Mhasibu, Nyali
La, ndugu yangu. Huo ni wa mauzo ya milioni 1 hadi milioni 25, na ada za kitaalamu haziingii.

Dada, chumba kiache. Sheria yataka gharama iwe ya kutafutia mapato tu, na anapolala mtoto ni makazi. Intaneti itoe, 36,000, mradi una ankara za eTIMS, zile za kielektroniki za mamlaka ya ushuru. Kompyuta hutolewa kidogo kidogo, asilimia 25 kwa mwaka, yaani 16,000. Zabaki 488,000, ushuru wake 83,800. Ondoa nafuu ya kibinafsi 28,800, unapata 55,000. Michango ya SHA, bima ya afya ya serikali, sijaihesabu, nayo hupunguza. Je, wateja walikukata ile asilimia 5, ushuru ambao mteja huuzuia anapokulipa na kuuwasilisha kwa jina lako?

Mfasiri, Kisauni
Wote. Lakini mmoja alinikata 4,000 Agosti, na cheti cha makato hayo sikioni kwenye iTax, ule mtandao wa kujazia ritani.

Mhasibu, Nyali
Basi pesa yako iko hapo, si chumbani! Asilimia 5 ya 540,000 ni 27,000, kwa hiyo wabakiwa na 28,000 ya kulipa. Cheti hicho kikikosekana, utalipa 32,000, na kazi uliifanya wewe. Anayekata hutakiwa kuwasilisha ndani ya siku 5 za kazi. Mwandikie leo, mtumie ankara na tarehe aliyokulipa. Mwisho wa ritani ni Juni 30, usingoje wiki ile.

Mfasiri, Kisauni
Shukrani sana. Wamejibu jioni hii: walikosea tarakimu moja ya PIN yangu ya ushuru, wanarekebisha. Chumba nimekiacha.