Tupeane uzoefu: uliyefuata asili ya ukoo wako mkoani Tanga, ulianzia kwa nani?

Mwanzisha mada

Salamu kwenu nyote. Nimefungua mada hii kwa sababu kila msimu wa likizo wapo ndugu zetu wanaoshuka stendi ya Kange wakiwa na jina la babu na jina la kijiji tu, na baada ya siku chache wanarudi walikotoka wakilalamika kwamba wazee wa Tanga ni wasiri. Wazee si wasiri, ila mkoa wenyewe una watu wa tabaka juu ya tabaka. Wadigo, Wasegeju, Wabondei, Wasambaa na Wazigua wamekaa humu kwa vizazi vingi. Kisha mashamba ya mkonge yakaleta watu wa kila pembe ya Tanganyika na wengine kutoka nje yake. Na huko pwani ziko koo zinazohesabu nasaba yake hadi Shirazi. Mtu anaweza kuzaliwa Muheza, akaoa na kuzikwa Muheza, na bado Muheza nzima isiwe na kaburi hata moja la babu zake.

Naomba kila mchangiaji aeleze alianzia kwa nani, alionyeshwa nini na alinyimwa nini. Majina ya ndugu walio hai tuyaache.

Naanza mimi. Sisi ni Wabondei, na babu yetu mzaa baba alibatizwa Magila, kwenye misheni ya Waanglikana iliyoanzishwa katika karne ya 19. Nyumbani alijulikana kwa jina la ubatizo peke yake, na wajukuu wote tuliamini hakuwahi kuwa na lingine. Aliyenifungulia njia ni shangazi yake baba, ambaye hakujua kusoma lakini alijua nani alimsimamia nani siku ya ubatizo, kwa sababu mdhamini wa mtoto alihesabiwa kuwa ndugu na watoto wao hawakuoana. Nilipopewa ruhusa ya kukaa na kitabu cha ubatizo mbele ya katekista, sikuwa nikitafuta jina la babu tena, bali la mdhamini wake, na mstari huo ndio ulionipa jina la nyumbani la babu, jina la baba yake na kitongoji walichotoka. Wino ulikuwa umefifia na kuwa rangi ya chai, na ukurasa ulikuwa na matundu ya wadudu pembeni, lakini kitongoji kilisomeka.

Mchangiaji kutoka Kasulu

Mimi nimekuja Tanga kwa njia ya kinyume, maana asili yangu iko Kigoma na nilichokuja kutafuta Tanga ni mtu aliyepotelea huko. Babu yangu aliondoka Buha, kwao Waha huko Kigoma, akiwa kijana kama manamba, yaani kibarua wa mkataba wa mashambani. Wasomaji wadogo wajue kwamba mkonge uliletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893, ikasalimika miche 62 tu kati ya mingi iliyosafirishwa, na kutokana na miche hiyo yakaenea mashamba ya Pangani, Muheza na Korogwe ambayo wenyeji peke yao hawakuweza, na wengi hawakutaka, kuyafanyia kazi. Ndipo mawakala wakaja kwetu, na kuanzia mwaka 1944 ikawapo ofisi ya kuandikisha vibarua iliyoitwa SILABU. Watu walipanda treni ya Reli ya Kati, wakamaliziwa kwa malori, na walipofika walipewa kipande, yaani kadi ya kuhesabia siku 30 za kazi.

Babu alituma fedha kwa muda, kisha kimya. Bibi yangu hakuolewa tena, na kwetu jambo hilo lilizungumzwa kwa sauti ya chini hadi anafariki.

Nilipofika Korogwe sikwenda ofisini kwanza. Nilimtafuta mzee aliyewahi kufanya kazi kwenye korona, yaani mtambo wa kukamua mkonge, kwa sababu watu wa korona walikaa sehemu moja miaka mingi, ilhali wakata mkonge walihamahama. Mzee huyo hakulitambua jina la babu. Aliniuliza alikuwa wa kambi gani, na nilipomjibu kwamba ni Muha akasema, "Basi twende kambi ya Waha," maana makambi yalipangwa kwa makabila na mengine yanaitwa hivyo mpaka leo, hata kama wanaoishi humo sasa ni watu wengine kabisa. Huko nilikuta kaburi lililozungushiwa minyaa, na karibu nalo nyumba ya mwanamke mtu mzima aliyenitazama usoni, akaingia ndani na kutoka na kiti kabla sijasema neno. Alikuwa binti ya babu. Shangazi yangu huyo hajui Kiha isipokuwa salamu moja, "mwakeye", ambayo babu alimfundisha ili aitumie siku ndugu wa baba yake watakapokuja.

Ninalotaka wengine walijue ni kwamba upande wa pili nao walikuwa wakitutafuta, ila hawakuwa na jina la kijiji. Kama mna babu aliyeishia mkonge, msiende kutafuta kaburi pekee. Ulizeni aliacha watoto gani.

Mchangiaji anayeishi Marekani

Kwetu sisi safari ilianza kabla hatujazaliwa. Wazee wangu walikuwa Wazigua wa bonde la Mto Juba nchini Somalia, wajukuu wa watu waliochukuliwa kutoka pwani hii katika karne ya 19 na kuuzwa kule, wengine wakiwa wameuzwa kwa sababu ya njaa. Mapokeo yetu yanamtaja mwanamke aitwaye Wanankhucha kuwa ndiye aliyewaongoza waliotoroka hadi wakaingia misitu ya Gosha na kuanzisha vijiji vyao. Tulizaliwa huko, tukakulia huko, na tukaendelea kusema Kizigua. Vita vilipozuka mwaka 1991, wengi walivuka kwenda Kenya, na wengine wakapanda majahazi kuja Tanga wakisema waziwazi kwamba wanarudi kwao. Serikali ya Tanzania iliwapokea, baadaye wakapewa makazi Chogo wilayani Handeni, na baadhi yao wakapata uraia. Familia yangu ilibaki kambini Kenya mpaka Marekani ilipoanza kupokea maelfu ya watu wetu kuanzia mwaka 2003.

Nilikuja Handeni nikiwa mtu mzima, nikafikia Chogo kwa jamaa. Nilipoomba nipelekwe kijiji chenye wenyeji ambao hawakuwahi kuondoka, nilipelekwa kwa bibi mmoja aliyekuwa akipepeta mahindi uani. Nilimwamkia kwa Kizigua changu, akaacha ungo. Hakuniuliza baba yangu ni nani. Aliuliza mama wa mama yangu, kisha mama wa huyo, na kila nilipotaja jina alilirudia polepole huku akimtazama mwenzake aliyeketi mkekani, kwa kuwa Wazigua wanahesabu ukoo upande wa mama na yeye alikuwa akinipima kwa kipimo hicho. Nilifika jina la nne nikakwama. Akasema sikukwama vibaya, akataja koo mbili zilizokuwa na desturi ya kuwapa watoto majina hayo, kisha akatoa hukumu yake kwamba huenda nikawa wa mojawapo, na kwamba hadi hapo hawezi kuongeza lolote bila kusema uongo.

Wapo waliotegemea nirudi na jina la kijiji na mti aliofungiwa babu. Sikupata. Nilichopata ni koo mbili, na kwa familia iliyotengwa na kwao kwa zaidi ya miaka mia moja naona ni nyingi. Yule bibi alinipa pia masharti: nikioa, nisioe katika koo hizo mbili, zote.

Mchangiaji wa Lushoto

Kwetu Usambara ukisema jina lako tu, nusu ya kazi imekwisha, hasa kwa wanaume wenye majina yanayoanza na She-. Huko Vuga, iliyokuwa makao ya watawala wa ukoo wa Kilindi, kila mtu atakusimulia habari za Mbegha, mwindaji aliyetoka milima ya Nguu akawa mfalme. Tahadhari yangu ni moja: kila anayetafuta asili hutaka kuwa Mkilindi. Waulize pia majirani, wao hawana sababu ya kukupamba.

Mchangiaji wa Pangani

Nashukuru kwa tahadhari hiyo, maana kwetu ugonjwa huo upo pia, ila unaitwa Ushirazi. Nilikulia nikiambiwa kwamba tulitoka Tongoni, penye yale magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo kusini mwa mji wa Tanga, na kila mwaka tulipelekwa kuzuru. Bibi yangu alipofariki, ndani ya sanduku la bati, chini ya kanga ambazo hakuwahi kuzivaa, tulikuta hati ya Kijerumani yenye muhuri, iliyokunjwa mara nne mpaka mikunjo ikachanika. Ilikuwa hati ya uhuru ya mama yake. Wajerumani hawakuufuta utumwa, walitoa hati kama hizo kwa mmoja mmoja. Sheria ya kuufuta kabisa Tanganyika ilitungwa na Waingereza mwaka 1922.

Wajomba walitaka ichomwe. Mama yangu akasema aliyeitunza miaka yote hiyo hakuitunza ili ichomwe. Bado tunazuru Tongoni, na sidhani kama ni uongo kufanya hivyo, kwa sababu mtumwa wa nyumba alizaa na kuolewa humohumo na damu hizo zilichanganyika. Lakini nasaba tuliyoiandika sasa inaanza na jina lililo kwenye hati.

Mwanzisha mada

Ahsanteni. Yupo aliyeniuliza faraghani kuhusu vipimo vya vinasaba, kama vinaweza kumpunguzia mtu safari hizi. Vinaweza kukuonyesha sehemu ya dunia na pengine binamu wa mbali aliyepima pia, lakini watu wetu wa Handeni na Pangani wengi hawajapima, kwa hiyo majibu yanaishia hewani. Fedha hiyo ni nauli.

Niongeze jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mgeni akionekana anazunguka makaburi ya zamani Tanga, jambo la kwanza litakalosemwa ni kwamba anatafuta mali inayosemekana ilifukiwa na Mjerumani, na la pili ni kwamba amekuja kudai shamba. Pita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, mweleze mbele ya mashahidi kwamba hudai ardhi, na uongozane na mtu wa ukoo huo. Ukienda kwa wazee chukua sukari na ubani. Bahasha ya fedha itolewe mwishoni, la sivyo utaambiwa unachotaka kusikia.

Mchangiaji wa Mkinga

Sisi Wadigo tuna tatizo la mpaka. Mama yangu kwao ni Kwale, Kenya, na makaburi ya upande huo yako ng'ambo. Nilikwenda na mjomba, kwa sababu kwa desturi ya zamani urithi ulipita kwa watoto wa dada na kwa hiyo wajomba ndio wanaojua mipaka ya mashamba na majina ya waliozikwa humo. Baba zetu, hasa tangu mirathi ya Kiislamu iliposhika, wanajua upande wao tu. Kwa anayepanga kuvuka Horohoro kwa shughuli hiyo, mjomba wako awe na hati yake ya kusafiria mapema, maana wangu alizuiwa mpakani tukalala hapo, na wazee waliokuwa wakitusubiri Kwale walikuwa wameshachinja.