Mwenye nyumba kanikata dipoziti, anasema ni ya rangi nyumba nzima. Nafanyaje?

mpangaji_aliyehama
Wakuu habari zenu, naombeni ushauri maana silali. Nimehama mwezi uliopita baada ya kukaa miaka 4, kodi sijawahi kuchelewesha hata siku moja, maji na umeme nimelipa mpaka siku ya mwisho na funguo nimemkabidhi mkononi. Dipoziti ilikuwa ya miezi 2. Jana ndo katuma meseji eti anarudisha robo tu, nyingine yote inaenda kwenye rangi ya nyumba nzima, kitasa cha chumbani na "usafi na mengineyo". Risiti hakuna hata moja. Kitasa nakiri ni mimi, ufunguo ulikatikia ndani nikakivunja. Lakini rangi? Nilivyoingia haikuwa mpya, na ukuta mmoja wa sebuleni ulianza kututumka kwa chini tangu mwaka wa pili, nikamwambia, akasema atatuma fundi, hakuja mtu. Ile hela nilishaipangia kulipia huku nilikohamia. Niache yaishe?

mama_wawili
Pole sana ndugu yangu, usiache. Dipoziti ni hela yako, yeye ameishika tu, sasa akitaka kuila lazima aonyeshe umeharibu nini na kimemgharimu kiasi gani. Mwandikie, usimpigie, simu mtu anaikana kesho. Mwambie kwa heshima akupe mchanganuo wa kila kitu na risiti ya kila kitu, mpe siku 14, halafu kitasa kikubali hapohapo kwenye barua. Mimi yangu nilipokubali dosari moja iliyokuwa yangu kweli mambo yalilainika, maana aliona sitafuti ugomvi. Na hiyo robo akikutumia mjibu kwa maandishi kwamba umepokea sehemu tu na zilizobaki bado unadai, asije akasema mlishamalizana.

fundi_rangi
Ngoja niseme la rangi maana ndo kazi yangu. Rangi inachakaa hata nyumba ikifungwa bila mtu. Kufifia, alama za makochi ukutani, vitundu vya misumari ya picha, huo ni uchakavu wa kawaida wa watu kuishi, hakatwi mtu. Ungekuwa umechora ukuta au umepaka rangi yako nyeusi bila kumuuliza hapo sawa, na hata hapo halipwi rangi mpya nzima. Tuseme rangi ile ilikuwa ya kudumu miaka 5 na wewe umekaa 4, amebakiwa na mwaka mmoja tu wa kudai, yaani sehemu moja kati ya tano, labda pungufu kwasababu uliikuta tayari imetumika.

Sasa huo ukuta. Ukituna kwa chini rangi ikabanduka kama maganda na ukikwangua unakuta unga mweupe kama chumvi, ni maji yanapanda kutoka kwenye msingi au kuna bomba linavuja ndani. Hilo ni tatizo la jengo, mpangaji hana mkono. Tofauti na ukungu mweusi wa kwenye kona na nyuma ya kabati, ule mara nyingi ni mvuke wa jikoni na bafuni madirisha hayafunguliwi, hapo mnaweza kubishana. Una picha?

mzee_wa_vyumba
Mimi nina vyumba nimepangisha kwahiyo naongea kutoka upande wa pili. Usafi tunakata kihalali kama mtu kaacha jiko limeganda mafuta na takataka ndani, hilo jiulize kwa ukweli wa moyo wako. Ila "mengineyo" siyo makato, hakuna mahali utalitetea hilo neno. Nikikuta kitu kimevunjika napiga picha, naita fundi, napeleka risiti. Asipokujibu nenda kwenye ofisi inayoshughulikia kesi za nyumba au mahakama ya madai madogo, wengi hapo wanaenda bila wakili, ila soma kwanza mkataba na ujue muda wa mwisho wa kudai ni upi.

fundi_rangi
Na wengine mnaosoma, msije mkaambiwa mgomee kodi ya mwezi wa mwisho eti mfidie dipoziti. Ukishafanya hivyo wewe ndo unakuwa mdaiwa.

mpangaji_aliyehama
Asanteni sana, mmenipa nguvu. Jiko nililisugua mwenyewe siku mbili, hapo nina amani. Nimepekua simu ya zamani nimekuta picha ya ule ukuta na meseji niliyomtumia siku hiyohiyo, na jibu lake "fundi atakuja" lipo!! Nizitume kwa WhatsApp au?

mama_wawili
Tuma nakala, ila zile za kwenye simu usizifute wala kuzihariri. Picha ikipita WhatsApp ile tarehe iliyofichwa ndani ya faili inapotea, ya asili ndo ushahidi wako. Na ile meseji yake ya "fundi atakuja" iweke juu kabisa kwenye barua.

mpangaji_aliyehama
Sawa dada, naiandika usiku huu.