Maana ya utendi ni ya nani, mtungaji ama msomaji?

binti_langoni: Asalaam aleikum jamaa. Mwalimu wetu ashikilia kuwa maana ya shairi ni ile aliyoikusudia mtungaji, basi, mengine porojo. Halafu noti za chuo zina Roland Barthes, Mfaransa aliyeandika 1967 kuwa mwandishi amekufa, maana yapatikana kwa msomaji. Sasa chukueni Utendi wa Mwana Kupona wa 1858, mama amuusia bintiye Mwana Hashima namna ya kukaa na mume. Mimi nikiusoma naona amempa mbinu, si utumwa. Nimpeleke mwalimu hivyo ama nitachekwa?

nahodha_shela: Dadangu, bibi wa watu yuwasema yu mgonjwa, amuita mwanawe aje na wino na karatasi amuusie. Mtu wa hali hiyo aanze kufumba mafumbo? Wasia wa mama si riwaya ya Paris, tuwe na adabu kidogo.

msomi_wa_mkomani: Adabu tunayo bwana nahodha, lakini beti nazo zipo. Amwambia amtunze mume kama mtoto asiyejua kusema, aangalie kinachoingia na kinachotoka. Haya, hapo nani mwenye nyumba? Na mumewe Mwana Kupona hakuwa mtu hivi hivi, ni Bwana Mataka, mtawala wa Siyu kisiwani Pate, aliyepigana na Sultani wa Zanzibar, alifariki 1856, kwahiyo mama ameandika akiwa mjane, hamuogopi mtu. Hayo si ya kupuuza hata kama Barthes angetaka tuyasahau.

mzee_kiamu: Wanangu, nyinyi mwasoma kwa mato, sisi tumesikia kwa mashikio. Wanawake walikuwa wakiusoma kwa sauti majumbani, bibi yangu akifika hapo penye mtoto hucheka mpaka ajifute mato na leso, kisha aendelea na uso mkavu kama hakuna kitu. Tena nakala za kale za khati ya Kiarabu hazilingani, hii ina ubeti ule haina. Hiyo nia mtaisaka kwa nakala ipi?

binti_langoni: Hehe mzee 😂 sasa kwa mtihani niandike vipi?

msomi_wa_mkomani: Shikilia ubeti, usiandike "mimi nahisi". Wimsatt na Beardsley, wahakiki wa Marekani, 1946 walikataa nia ya mwandishi iwe kipimo, 1949 wakakataa na hisia za msomaji, kwahiyo ukimtupa mtungaji si ruhusa ya kusema lolote. Mumewe na Siyu viweke, lakini kwa ufupi.

binti_langoni: Shukran. Kicheko cha bibi nakiandika hata nikikatwa maksi.