Acheni kutuuzia resini kwenye chupa za soda na kutuambia eti ni salama!

Wadau, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sitaificha. Kila ukifungua simu kuna mtu hapa Nairobi anauza "seti ya kuanzia" ya kutengeneza wanasesere wadogo wa resini, yaani plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa kemikali. Ndani kuna chupa mbili za soda zilizobanduliwa lebo, kalibu moja ya silikoni, glavu nyeupe za lateksi na barakoa ya kitambaa. Maelekezo ni ujumbe wa WhatsApp wa mistari mitatu: changanya nusu kwa nusu, mimina, toa kesho. Haina harufu, kwa hivyo fanyia hata kwenye bedsita mtoto akiwa amelala.

Karibu kila neno hapo ni hatari. Nitaeleza kwa nini, na wauzaji mliomo humu msome mpaka mwisho.

Chupa kwanza. Resini zinazopatikana mjini kwa kazi hii ni hasa za aina tatu. Epoksi huja na hadina yake (kigandishi), na uwiano umewekwa na kiwanda: 1:1, 2:1, 3:1, inategemea bidhaa. Poliurethani, ambayo wanasesere wa viungo (mikono na miguu inakunjika) wa kitaalamu hutengenezwa nayo, ina upande mmoja wenye aisosayaneti na huganda ndani ya dakika chache. Poliesta ni ile ya mafundi wa faiba wa jua kali. Inanuka stairini, kiyeyushi chake, ukiwa bado mlangoni, na inagandishwa kwa kemikali iitwayo MEKP, kiasi cha asilimia 1 hadi 2 tu. MEKP ikiingia jichoni inaweza kukupofusha. Sasa mimina yoyote kati ya hizi kwenye chupa ya soda isiyo na jina, halafu niambie mnunuzi atajuaje ameshika nini. Mtoto wa jirani akiiona dirishani anajua ni soda. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka msambazaji wa kemikali hatari aweke lebo na atoe karatasi ya maelezo ya usalama. Kupima nusu lita nyuma ya duka hakukuondolei jukumu hilo.

La pili ndilo linaloniumiza zaidi kwa sababu linafundishwa kama ujuzi: "ukitaka igande haraka, ongeza hadina." Hiyo ni tabia ya poliesta imehamishiwa kwenye epoksi. Kwenye poliesta MEKP inaamsha tu mwitikio, ndiyo maana fundi akizidisha kidogo kazi inaharakishwa. Kwenye epoksi hadina ni sehemu ya plastiki yenyewe: kila kipande cha resini hushikana na kipande cha hadina. Ukizidisha, hadina iliyokosa mwenzake inabaki ndani ya mwanasesere, inatoka juu kama jasho la kunata, na hiyo ndiyo inayochoma ngozi ya atakayemshika. Ukipunguza, resini ndiyo inabaki mbichi. Hakuna siku ya kungoja itakayomaliza unato huo.

Halafu mnachanganya uwiano wa ujazo na wa uzito. Chukua epoksi ya 2:1 kwa ujazo. Kama resini ina gramu 1.15 kwa mililita na hadina gramu 0.97, basi kwa mizani ni 100 kwa 42. Anayepima gramu 100 kwa 50 amezidisha hadina kwa karibu asilimia 19 na bado anaamini amefuata maagizo. Ndiyo maana lebo ya asili ni muhimu: inasema ujazo au uzito, na kama ni vyote viwili, inatoa namba mbili tofauti.

Mizani ya jikoni inayosoma gramu nzima haifai kwa wanasesere. Mwanasesere wa sentimita 10 anahitaji gramu 30 hivi za mchanganyiko, kwa hivyo hadina ni gramu 9 au 10. Ukikosea gramu moja umekosea asilimia 10. Tafuteni mizani ndogo ya sonara inayosoma gramu 0.1. Koroga polepole dakika 3, ukikwangua kuta na sakafu ya kikombe, kisha hamishia kikombe kipya na ukoroge dakika nyingine. Yaliyobaki yamenata ukutani mwa kikombe cha kwanza yaacheni hukohuko. Mkiyakwangua kuingia kwenye kalibu, mtapata mwanasesere mgumu mwenye goti moja laini, na mtalaumu resini.

Glavu. Lateksi inapitisha kemikali hizi upesi, tena inaharibu silikoni ya platinamu (aina moja ya silikoni za kalibu) kabla haijaganda: sehemu iliyoguswa inabaki ute usioganda. Tumieni nitrili, na zibadilishwe mara tu zikichafuka. Aleji ya epoksi haianzi siku ya kwanza. Unafanya kazi miezi mizuri tu, halafu vidole vinaanza kuwasha katikati, kope zinavimba, shingo inatoa upele. Ikishafika hapo haiondoki. Kila utakaporudi kwenye resini, hata kidogo, itarudi nayo. Na jamani, msifute resini mkononi kwa thina! Thina inayeyusha mafuta ya ngozi na kuisukuma resini ndani. Futa kwa karatasi kavu, kisha sabuni na maji mengi.

Barakoa ya kitambaa, ya hospitali, hata N95, hazizuii mvuke; N95 inazuia vumbi tu. Inayotakiwa ni ile ya mpira inayoziba pua na mdomo, yenye katriji za mvuke wa kikaboni, zile zenye mstari wa kahawia, aina ya A1 au A2, pamoja na kichujio cha vumbi cha P2 au P3. Mwenye ndevu ajue haizibi. Katriji ikiachwa wazi mezani inaendelea kunyonya hewa na kuisha, kwa hivyo ihifadhini kwenye kopo lenye kifuniko kinachobana. Hilo la "haina harufu" ndilo hatari kabisa kwa poliurethani, maana aisosayaneti hudhuru mapafu kabla pua haijaisikia, na pumu yake ikishaingia mara nyingi ni ya kudumu.

Chumba unacholala na kupikia si mahali pa kazi hii. Kwenye ploti nyingi kuna juu pa kuanikia nguo. Pakiwa na kivuli na upepo, panafaa kuliko ndani. Kama lazima iwe ndani, fungua dirisha na mlango, weka feni inayopuliza kwenda nje, wewe ukae upande hewa inakoingilia. Jiko na mtungi wa gesi vizimwe, hasa kukiwa na thina au poliesta.

Jibu: kalibu_na_kope

Asante mkuu. Ongeza poliurethani na mvua, kwa sababu kila Aprili na Novemba malalamiko ni yaleyale: "resini yangu imeharibika." Aisosayaneti ikikutana na maji hutoa hewa ya kaboni dioksidi, na mwanasesere anaumuka kama mandazi. Unyevu unatoka kwenye kijiti cha mbao, kikombe cha karatasi, poda ya rangi, au kwenye chupa yenyewe iliyofunguliwa mara nyingi. Sasa fikiria resini iliyopimwa dukani kutoka kwenye pipa lililo wazi, ikauzwa kwenye chupa iliyooshwa kwa maji asubuhi hiyo. Imekufa kabla hujafika stejini.

Tumieni vikombe vya plastiki na vijiti vya plastiki. Na acheni kufundisha watu kujaza kalibu maji ili wapime ujazo! Zamisheni mwanasesere wa asili kwenye kikombe chenye mistari. Maji yanayopanda ndiyo ujazo wake. Mililita 30 ni karibu gramu 32 za poliurethani ngumu, kisha ongeza kidogo kwa ajili ya mfereji wa kumiminia.

Jibu: fundi_viungo

Mimi nina ugomvi na wanaogeuza presha kuka kuwa tangi la kubana mapovu ya resini kwa hewa. Nimeona picha: sufuria ya presha ya jikoni, valvu ya kompresa imechomelewa kifunikoni, tangazo linasema "60 psi, inatoa mapovu yote". Sufuria hiyo imetengenezwa kufanya kazi kwenye presha ya 15 psi hivi. Kifuniko cha sentimita 24 kwa 60 psi kinasukumwa na nguvu sawa na uzito wa karibu tani 1.9. Zile ndimi ndogo za alumini zikiachia, kifuniko hakichagui kinakokwenda. Nunueni tangi la rangi lililoandikwa kiwango chake, lenye valvu ya kupunguza presha inayofanya kazi, na msizidi kiwango hicho. Kama huna, achana na presha kabisa.

Bila presha kazi inatoka safi tu. Paka poda ya mtoto ndani ya kalibu kwa brashi laini, kisha pulizia nje iliyozidi; inasaidia resini kupenya kwenye vidole. Kata matundu membamba ya hewa kwenye ncha za vidole, kidevu na masikio. Inamisha kalibu, mimina uzi mwembamba upande mmoja, gonga, kisha isimamishe. Kwa epoksi, Julai yetu yenye baridi, weka chupa ya resini kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 35 hadi 40 kabla ya kupima. Ikiwa nyepesi, mapovu yanapanda yenyewe. Chupa ikaushwe kabla ya kufunguliwa.

Tena kalibu iliyogandishwa bila presha usiitie kwenye tangi. Mapovu yaliyofichika ndani ya silikoni yanabonyea, na mwanasesere anatoka na chunusi uso mzima.

Jibu: ombwe_254

Nikiongezea hapo kwenye kutoa mapovu ya silikoni kwa pampu ya ombwe (inayonyonya hewa). Video za ng'ambo zinasema geji ifike inchi 29 za zebaki. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari; hewa yetu yenyewe haifikishi hiyo. Geji hapa ikisoma inchi 24 hivi, au bar 0.82 chini ya sifuri, umefika mwisho. Wauzaji wanajua, ila wanawaambia watu pampu ni dhaifu wanunue kubwa zaidi. Huo ni wizi. Angalia silikoni: ikipanda, ikavunjika, ikashuka, acha dakika 2 zaidi kisha fungua hewa. Chombo kiwe kikubwa mara nne ya silikoni, la sivyo itamwagika.

Na muulizeni muuzaji silikoni ni ya bati au ya platinamu. Ya bati mara nyingi hupimwa hadina gramu 2 au 3 kwa 100, na hunywea kadiri inavyokaa. Ya platinamu nyingi ni 1:1, haitaki kabisa plastisini (udongo wa kufinyangia) yenye salfa. Kati ya nusu mbili za kalibu pakeni mafuta ya mgando membamba, maana silikoni hushika silikoni na hutazitenganisha bila kisu.

Jibu: duka_la_sanaa

Si haki kutulaumu sote. Wateja wenyewe hawataki kulipia barakoa ya katriji. Ukiiweka kwenye seti wanasema wewe ni ghali na wanaenda kwa mwenzako.

Jibu: mwanzisha uzi

Dada, basi uza resini pekee, ndani ya chupa yake ya kiwanda, na umwambie mteja waziwazi kwamba bila barakoa hiyo hutamuuzia poliurethani. Kumpa ya kitambaa ni kumdanganya kwamba amekingwa. Mtu asiye na kitu anajua hana. Uliyempa kitambaa anainama juu ya kikombe akinusa.

Pia acheni kuandika "salama kwa mtoto" kwenye mwanasesere aliyetoka kwenye kalibu jana. Epoksi ikiwa ngumu baada ya saa 24 bado haijaiva. Nyingi zinahitaji siku 7, na baridi ikizidi huchukua muda zaidi. Hata akiiva, mwanasesere wa viungo vidogo vya kuvutwa kwa elastiki si wa mtoto wa chini ya miaka 3, kwa sababu mkono ukichomoka unaziba koo. Wale wa resini inayogandishwa kwa mwanga wa taa ya kucha ndio kabisa: ukitia rangi nzito mwanga haupiti, ganda linakuwa gumu na katikati panabaki ute mbichi. Kata mmoja katikati kabla hujauza wa pili.

Msasa upigwe kwa maji, namba 240, kisha 400, kisha 800, baada ya kuiva na si kabla. Maji hayo yaacheni yatulie kwenye ndoo, mashapo yaende kwenye takataka yakiwa makavu, siyo kwenye sinki.

Mabaki ya epoksi yasiachwe kwenye kikombe kirefu. Gramu 200 zikikaa pamoja zinaweza kujipasha moto zenyewe mpaka kikombe kinayeyuka na moshi kutoka. Zimwageni kwenye sinia pana ya foili, nje, zigande kabisa ndipo zitupwe. Chochote cha moto kisiingie kwenye pipa la ploti.

Kila muuzaji anayesoma hapa aweke picha ya lebo ya kiwanda, uwiano kwa uzito, na karatasi ya usalama. Asiye nazo, asiuze.