Mtoto wa chini ya miezi minne: mbeleko ipigwe marufuku, au tatizo ni namna ya kumfunga?

Mleta mada: Machi 2010 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani iliwaonya wazazi kuhusu mbeleko za kitambaa. Kwa miaka 20 iliyotangulia ilikuwa imevihusisha na mbeleko hizo vifo 14, na 12 kati yake ni vya watoto ambao hawajatimiza miezi minne. Mwezi huohuo mbeleko za mfuko zipatazo milioni moja zikaondolewa sokoni. Hoja yangu ni fupi: kibebeo chochote kisiuzwe kwa ajili ya mtoto wa umri huo. Shingo yake haijakaza, hawezi kujigeuza, na akikosa hewa halii. Mzazi anadhani amelala.

Mkunga: Ndugu mleta mada, takwimu nazikubali, ila wewe umetazama umri, na cha kutazama hapo ni mkao. Kichwa cha kichanga ni kama robo ya urefu wake wote, na kisogo kimetokeza. Akilala amejikunja kwenye kitambaa kilicholegea, kisogo kinasukumwa mbele, kidevu kinagusa kifua, na njia ya hewa, ambayo bado ni laini, inajibana kama mrija uliopindwa. Hakuna kikohozi wala kelele. Hicho ndicho kinachoua, pamoja na pua kuzama kwenye kitambaa au kwenye titi.

Halafu kuna hili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 unataka watoto njiti na wenye uzito mdogo wakae kifuani, ngozi kwa ngozi, saa 8 hadi 24 kwa siku. Hao ndio wadogo kuliko wote, na wanafungwa kwa kitambaa! Lakini mtoto yuko wima, kifua juu ya kifua, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande na kuinuliwa kidogo, na ukingo wa juu wa kitambaa unaishia chini kidogo ya sikio.

Kipimo ni vidole viwili kati ya kidevu na kifua. Visipopita, mfungue umfunge upya. Kumwinua kichwa tu hakusaidii, kitarudi palepale.

Mshonaji wa mbeleko: Mbeleko ya mfuko hata mimi siitetei. Kitako chake ni kipana, ukingo umevutwa kwa lastiki, mtoto anadidimia humo amepinda mgongo, na hakuna mahali pa kuikaza.

Ya pete, ambayo kitambaa hupitishwa na kukazwa kwenye pete begani, ni habari nyingine. Pete ziwe mbili, za alumini au nailoni, zisizo na kiungo. Zile za mapambo zina kiungo ambacho uzito hukifungua. Na kukaza kuna utaratibu wake: mkono mmoja ushike mgongo wa mtoto, mwingine uvute pindo la juu kwanza, kisha la chini, kisha katikati, kidogo kidogo. Wengi huvuta katikati peke yake. Pindo la juu linabaki limelegea, na baada ya muda mtoto ameshateleza upande. Ukimaliza, mbonyeze mgongoni taratibu kwa kiganja. Akisogea kukukaribia, bado hujakaza. Awe juu kiasi kwamba ukiinamisha kichwa unambusu utosini.

Mleta mada: Nimeelewa. Lakini njiti yupo mikononi mwa wauguzi. Mama aliye peke yake nyumbani, hajalala siku ya tatu, nani atampima vidole viwili? Sheria ya umri haihitaji fundi.

Mtaalamu wa mifupa ya watoto: Niongeze la nyonga, kwa kuwa linasahaulika. Kiungo hicho kwa kichanga bado ni gegedu (mfupa laini) kwa sehemu kubwa. Magoti yawe juu kuliko matako, na kitambaa kishike mapaja toka goti hadi goti. Miguu isining'inie imenyooka. Na uzito wa chini ulioandikwa kwenye kibebeo cha mikanda uheshimiwe: kikisema kilo 3.5, mtoto wa kilo 2.8 atazama humo.

Mkunga: Ndugu, njiti hafungiwi wodini. Huduma hiyo huendelea nyumbani, na akina mama wanafundishwa. Ila nakubali kwamba njiti, mwenye uzito mdogo au mwenye mafua asifungwe kabla ya kumuuliza mhudumu wa afya. Kunyonyesha humohumo kwenye mbeleko ndiko kunakonitia hofu zaidi: mama analegeza, anamshusha, mtoto anashiba na kusinzia huku pua iko kwenye titi. Akimaliza apandishwe wima na kitambaa kikazwe tena. Uso usifunikwe. Mbebaji akisikia usingizi, amtoe. Mkipiga marufuku, mikono ya mama bado itahitajika kwingine, na atamfunga kwa shuka lolote bila maelekezo yoyote.

Mleta mada: Basi narekebisha hoja. Ya mfuko isiuzwe kabisa. Nyingine ziandikwe kilo za chini badala ya miezi, na mchoro wa kidevu na vidole viwili ukae ndani ya pindo la juu, macho ya mbebaji yanapotua. Mshonaji, lebo hapo haitamkwaruza mtoto?

Mshonaji wa mbeleko: Isishonwe. Ichapwe kwenye kitambaa chenyewe, kwa rangi isiyotoka kwa kufua wala kwa mate, maana pindo hilo atalinyonya.